Kenya imenifanyia nini? Swali lililozimisha gumzo kwenye pilau ya klabu yetu

KILA Desemba 12 klabu yetu hufunga mwaka. Hatuna ukumbi wa maana. Tunakodisha viti vya plastiki, akina mama wawili wanasimamia sufuria ya pilau, vijana wanachoma nyama nyuma ya duka, na watoto wanakunywa soda mpaka wanaanza kupigana. Kabla ya kula kuna sheria moja ambayo hata mwenyekiti haivunji: kila mwanachama anasimama, anataja kitu kimoja anachoshukuru, anaketi. Dakika moja tu. Mtu akianza kuhutubu tunampigia makofi hadi anyamaze.

Safari hii Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 62 ya uhuru, basi mwenyekiti akaleta wazo. Kwa kuwa ni Jamhuri, akasema, kila mtu ashukuru mara mbili: klabu na nchi. Watu wakaenda sawa. Mmoja akashukuru kwa amani, mwingine kwa mvua, mwingine kwa mtoto aliyezaliwa. Kisha akasimama jamaa mmoja anayechechemea, mwenzetu wa miaka 26, mwenye digrii ambayo bado haijamletea hata barua ya kuitwa mahojiano.

"Klabu naishukuru, na nyinyi mnajua kwa nini," akasema. "Lakini Kenya? Wasee, tusidanganyane. Kenya imenifanyia nini?"

Akaketi. Wawili watatu upande wa vijana wakapiga makofi. Mama chapati akafyonza. Gumzo lote likazima, ukasikia tu nyama ikichomeka.

Swali hilo si lake peke yake. Ukipanda matatu yoyote kutoka mjini jioni utalisikia, na ukifungua simu utalisikia tena, kwa sauti kali zaidi. Anayelijibu kwa kumwita kijana mtovu wa shukrani hajamsikiliza. Ila nimelifikiria tangu siku hiyo, na naona huyu ndugu yetu, kati ya watu wote, ndiye aliyekuwa na jibu mfukoni bila kujua.

Kwanza mjue klabu yenyewe. Tuko 34. Tulianza 2017 kama timu ya mpira wa Jumapili asubuhi huku Eastlands, kabla jua halijakuwa kali. Wakaja wasiojua kupiga mpira, wakaja wake wa wachezaji, kisha wakaja watu wasiojulikana waliletwa na nani. Leo kuna makanga, nesi, fundi wa simu, mwalimu wa chekechea, muuzaji wa mitumba Gikomba, mwanafunzi wa sheria, ndugu wawili wenye duka la vitambaa Eastleigh, na Mama chapati, ambaye alijiunga kwa sababu tulikuwa na deni lake na akaona afadhali atufuatilie akiwa ndani. Mchango ni shilingi 300 kwa mwezi. Mia mbili zinaenda kwenye mfuko wa dharura, mia moja ni ya mpira, jezi na maji. Ukichelewa mkutano, faini ni hamsini. Mweka hazina ni dada mkimya mwenye kauntabuku ya jalada jeusi na kumbukumbu kama ya benki.

Sasa turudi Aprili 2025. Jamaa yetu alikuwa akisafirisha chakula kwa pikipiki. Karibu saa tano usiku, kwenye barabara ya Outer Ring, gari likamgonga na likaenda zake. Wahudumu wenzake wa boda ndio waliomwokota, wakasimamisha probox, wakamkimbiza hospitali. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Pale kwenye dirisha la malipo wakaambiwa walete dipoziti ya shilingi 40,000 ndipo ahudumiwe.

Ujumbe uliingia kwenye grupu letu la WhatsApp saa sita kasorobo. Nimerudi kuusoma mara nyingi. Ulikuwa na maneno matano na makosa mawili ya tahajia.

Saa nane usiku tulikuwa tumefika watu kumi na mmoja kwenye benchi za hospitali hiyo. Mmoja wa wale ndugu wa Eastleigh alikuja na gari la dukani, akapita akiokota watu mtaa kwa mtaa. Nesi wetu, ambaye hafanyi kazi hapo, alikuja na sare yake ya kazini kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu. Akamwangalia mgonjwa, akauliza maswali ambayo sisi hatukujua kama yanaulizwa. Na mwanafunzi wa sheria, binti wa miaka 22 ambaye kwenye mikutano husema mara moja kwa mwezi, akaenda dirishani na simu yake mkononi.

Alikuwa amefungua Katiba. Kifungu cha 43, kipande cha pili. Kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hakuna mahali pameandikwa "isipokuwa hana dipoziti." Karani akamwambia hayo akamwambie mkubwa wake. Binti akajibu kwa adabu kabisa: "Sawa, dada. Basi niandikie hapa kwamba mmekataa, uweke jina na sahihi." Akamsukumia karatasi na kalamu.

Karani akainua simu. Baada ya dakika kumi hivi jamaa alisukumwa ndani, akawekewa dripu, mguu ukafungwa, dawa ya maumivu ikaingia. Upasuaji wa kesho yake ulihitaji pesa, hilo halikuepukika. Lakini usiku ule mtu aliacha kulia, na aliacha kulia kwa sababu ya sentensi moja fupi iliyoandikwa 2010.

Pesa zikaendelea kuingia kwa M-Pesa mpaka alfajiri. Mweka hazina alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, anaandika kila jina. Kufikia saa kumi na mbili asubuhi kulikuwa na shilingi 46,350. Mchango mdogo kabisa ulikuwa shilingi hamsini. Ulitoka kwa makanga wetu, ambaye gari lao lilikuwa limeshikwa na hajafanya kazi siku tatu. Alituma hiyo hamsini kisha akaandika kuomba radhi. Mweka hazina akamjibu kwamba kwenye kitabu kuna safu ya jina na safu ya pesa, na safu ya radhi haipo.

Kisha ikaja damu. Waliulizwa watu wa kutoa, wakajipanga wanne. Mmoja akarudishwa kwa sababu hakufika kilo hamsini, na mpaka leo tunamwita Nusu Gunia. Watatu wakatoa: mwalimu wa chekechea kutoka Taita, fundi wa simu kutoka Bondo, na yule jamaa wa Eastleigh mwenye gari. Siandiki hapa kabila la aliyepokea. Kalisheni wenyewe.

Yaliyofuata hayana picha nzuri ya kuweka Instagram, na kwangu ndiyo makubwa zaidi. Miezi minne mtu hafanyi kazi. Klabu ikalipa kodi ya nyumba miezi mitatu, wa nne mwenye nyumba akakubali kungoja. Pikipiki ilikuwa ya mkopo. Watu wawili wakaenda kuongea na wakopeshaji, wakapata muda. Yule wa Gikomba akatafuta suruali yenye mguu mpana unaopita juu ya plasta. Hakuna aliyemtuma. Mama chapati alikuwa akipeleka chakula kila Jumanne na Ijumaa, na alikuwa akikigomboza kijana asipomaliza.

Ukimuuliza mwenzetu, haya yote ni klabu. Kenya haimo. Na namwelewa. Lakini hebu tuigawe hii hesabu polepole.

Sentensi ile ya Kifungu cha 43 haikuandikwa na klabu. Ilipigiwa kura na Wakenya Agosti 4, 2010, baada ya miaka mingi ya watu kupigwa, kufungwa na kukimbilia uhamishoni ili tu nchi ipate katiba nyingine. Wengi wetu tulikuwa bado shule ya msingi. Tumeikuta mezani kama chakula kilichopikwa na mtu mwingine.

Hata kule kukutana kwetu. Tunaona ni jambo la kawaida watu 34 kuketi nyuma ya duka, kuchagua mwenyekiti, kuchanga pesa na kubishana. Waulize historia waliotutangulia. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, mikutano ya Waafrika ilikandamizwa, na chama cha KAU kikapigwa marufuku mwaka uliofuata. Waafrika waliporuhusiwa tena kuunda vyama vya siasa 1955, waliambiwa viishie wilayani, kisiwepo hata kimoja cha nchi nzima. Mkoloni alijua vizuri kwamba mtu wa Taita na mtu wa Bondo wakishaketi benchi moja, mambo yatabadilika. Tukapata uhuru, halafu 1982 tukaandika kwenye katiba kwamba chama cha siasa ni kimoja tu, ikachukua hadi Desemba 1991 kukifuta kipengele hicho. Leo Kifungu cha 36 kinampa kila mtu haki ya kujiunga na kundi lolote na kushiriki shughuli zake, na kinasema pia asilazimishwe kujiunga. Hiyo si zawadi ndogo, ingawa haipigi kelele.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi. Klabu kama zetu si uvumbuzi wa kizazi hiki. Watu walipoanza kuja Nairobi kutafuta kazi wakati wa ukoloni, waliunda vyama vya kusaidiana vya watu wa kwao. Mgeni alipokelewa, aliyefukuzwa kazi alilishwa, na aliyekufa mjini alichangiwa asafirishwe akazikwe nyumbani. Vilikuwa vyama vya maana sana. Vilikuwa pia vya kabila moja moja, na timu za mpira zikafuata mkondo huo huo. Ndiyo maana Ingwe, iliyoanza 1964, iliitwa Abaluhya. Serikali ilipoamua 1980 kwamba majina na vyama vya kikabila viondoke, ndipo ikawa AFC Leopards, na Luo Union ikaitwa Re-Union. Jina linaweza kubadilishwa kwa amri ya siku moja, lakini moyo wa mtu haubadilishwi kwa amri.

Nikiangalia kauntabuku ya dada yetu, naona majina 34 kutoka pembe karibu zote za nchi, na hakuna amri iliyotuleta. Tuliletwa na mpira, ploti za karibu na deni la chapati. Babu yangu akija Nairobi angechangiwa na watu wa kwao. Mimi nachangiwa na watu wa kwetu, na "kwetu" imekuwa kubwa. Kama mtu ananiuliza Kenya imefanya nini tangu 1963, hicho ni kitu kimoja ninachoweza kukigusa kwa mkono. Kiswahili chetu chenyewe, hiki cha kuchanganywa na Sheng mpaka walimu wanashika kichwa, ndicho kilichoandikiwa ule ujumbe wa maneno matano, na watu wa lugha tisa wakauelewa kwa sekunde moja.

Hapa lazima nisimame niseme jambo, kwa sababu najua kuna mheshimiwa mahali fulani anasoma hii akitabasamu. Kuishukuru nchi si kuisifu serikali. Na upendo wa klabu usigeuzwe kuwa bajeti. Neno Harambee liko kwenye nembo ya taifa, na kwa harambee wazazi wetu walijenga shule na zahanati. Lakini neno hilo hilo lilitumiwa vibaya na wanasiasa hadi sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 ikalazimika kuwawekea mipaka. Makanga akituma hamsini yake ya mwisho saa saba usiku, huo ni utu. Nchi ikimtegemea makanga atume hamsini ndipo mtu atibiwe mfupa, hilo ni deni la nchi. Tumetoka NHIF tukaingia SHA Oktoba 2024, tunakatwa mishahara, na bado paybill za matibabu zinazunguka kwenye magrupu kila asubuhi. Kijana akiuliza pesa zake zinaenda wapi hatukani nchi yake. Anaitunza. Waliochangia majeruhi wa maandamano ya Juni 2024, shilingi kwa shilingi, mamilioni yakafika, walikuwa wakifanya kazi ile ile iliyofanyika kwenye benchi yetu ya hospitali.

Wala sisi wenyewe si malaika. Mweka hazina wetu wa kwanza alihama mtaa usiku mmoja na shilingi 18,000, simu yake haijapatikana mpaka leo. Mwaka wa uchaguzi wa 2022 grupu lilikaribia kufa. Watu waliokuwa wakikopeshana viatu waliacha kusalimiana kwa sababu ya mabango ya wagombea. Saba walitoka, wanne tu ndio waliorudi. Tulichojifunza ni vitu vya kawaida. Anayeshika pesa si anayeidhinisha, na kitabu husomwa kila mwezi mbele ya wote. Siasa za vyama kwenye grupu ni faini ya shilingi 200, na faini hiyo imetununulia mipira miwili. Tulijisajili pia kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii, chini ya ile sheria ya makundi ya jamii ya 2022. Ni katiba ya kundi, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano, na uvumilivu wa kurudi mara mbili kwa sababu afisa katoka kidogo.

Nalisema hili kwa sababu 2027 inakuja. Watakuja na jezi mpya, watakuja na tenti na viti, watasema wanapenda vijana. Kundi la watu 34 wanaoaminiana ni mali kubwa kuliko jezi kumi na moja. Kama klabu yenu itapokea jezi, mpokee mkiwa mmekaa na kitabu wazi, na msipeane orodha ya namba za wanachama. Mkishauza uaminifu wenu, siku ya ajali mtampigia nani saa sita usiku?

Nirudi kwa rafiki yetu. Kuna jioni moja ambayo yeye hajaitaja na mimi sijamkumbusha mpaka leo. Agosti 10, 2025, mashindano ya CHAN, Harambee Stars dhidi ya Morocco pale Kasarani. Tiketi hatukupata, tukaangalia kwenye televisheni ya fundi wa simu, watu kama ishirini kwenye chumba cha watu sita. Kenya ikafunga bao moja kipindi cha kwanza, kisha ikabaki na wachezaji kumi, na ikalazimika kulilinda bao lile kipindi kizima cha pili. Huyu ndugu alikuwa bado na magongo. Dakika za mwisho alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, gongo moja hewani, akimpigia kelele beki ambaye hawezi kumsikia. Firimbi ya mwisho ilipolia alilia. Alikuwa amejifunga bendera shingoni, sijui aliitoa wapi. Siku kumi na mbili baadaye tulipotolewa na Madagaska kwa penalti, hakula chakula cha Mama chapati, na huo ulikuwa ujasiri wa aina yake.

Mtu hamlilii mtu asiyemjua. Ile hasira yake ya Desemba 12 mimi naisoma kama barua ya mtu anayedai kitu nyumbani kwao. Mgeni hadai.

Siku ile ya pilau, kimya kilipozidi, binti wa sheria ndiye aliyenyanyuka. Hakumpinga. Alimuuliza tu, "Ile karatasi niliyompa karani, unaikumbuka? Maneno niliyomsomea yalikuwa ya nani?" Jamaa akanyamaza. Akajikuna mguu ule. Mwishowe akasema, "Sawa. Kwa hiyo sentensi moja, asante. Hizo nyingine zikianza kufanya kazi, nitasimama tena." Watu wakacheka, hata mwenyekiti, pilau ikapakuliwa.

Juzi, katikati ya hii Njaanuari, mweka hazina aliandika kwenye grupu. Mtoto wa makanga wetu anaingia sekondari na hana sanduku, godoro wala viatu. Nilikuwa nimeshika simu wakati ule, kwa hiyo niliona jina la kwanza lililoingia kwenye orodha. Ni la yule anayechechemea, ambaye amerudi barabarani mwezi wa pili huu na bado ana deni la pikipiki. Ametuma elfu moja. Chini yake ameandika kwamba hamsini ni ya kurudisha, nyingine ni ya viatu.